Tani gani? Uzito, ujazo na nguvu kwenye meli za anga za gemu letu

Jumamosi iliyopita gemu letu lilisimama karibu saa nzima kwa sababu ya neno moja tu, tani. Tupo watano, tunakutana kwa mshkaji mmoja Kirumba, Mwanza, nyumba iko juu kidogo, unaliona ziwa, na upepo ukigeuka unapata harufu ya dagaa kutoka soko la samaki la Mwaloni. Mimi ndo refa. Sa mhasibu wetu (kweli ni mhasibu, kazini na mezani pia) akasema hivi, "Refa, stoo yetu ni ya tani kumi, nimenunua chuma tani kumi, tumejaza, tunaondoka." Nkamuuliza, tani gani? Akaniangalia kama nimemwomba nauli.

Kwa ambao hawajui tunachocheza, ni Traveller, gemu la mezani, dadu na karatasi na penseli, lilitoka Marekani mwaka 1977, aliyeliandika ni Marc Miller. Unajiunda mhusika, unapata meli ya anga yenye deni benki, unazunguka sayari hadi sayari ukitafuta mzigo wa kulipa rejesho. Yaani maisha ya mwenye boti wa Mwanza kabisa, ila hakuna ziwa. Na mimi mchana kazi yangu ni injini za boti na vivuko, huu mwaka wa kumi na nne sasa, ndo maana meli za kwenye gemu zikikosea hesabu huwa siwezi kunyamaza, nimejaribu, nimeshindwa.

Turudi kwa chuma. Kama mhasibu alimaanisha tani ya mzani, ile ya kilo 1,000 unayopimiwa ukipita na fuso kwenye mizani ya barabarani, basi tani kumi za chuma ni mita za ujazo 1.27 tu. Mzigo wa guta huo kwa ukubwa, ingawa guta lenyewe lingelala chini. Stoo ingebaki tupu, ungeweza kucheza mpira humo ndani. Lakini kama alimaanisha tani ya gemu, basi kajaza mita za ujazo 140 za chuma, na hicho chuma kwenye mzani ni tani 1,099. Sentensi ileile, neno lilelile, tofauti mara 110.

Sa kwa nini iko hivyo? Kwa sababu tani kwenye hilo gemu sio uzito. Ni ukubwa wa nafasi. Tani moja ya gemu ni nafasi inayojazwa na tani moja ya mzani ya hidrojeni ya kimiminika, na hidrojeni ikishapoozwa mpaka nyuzi 253 chini ya sifuri ikawa kimiminika, bado ni nyepesi ajabu, mita moja ya ujazo ina kilo 71 tu hivi, kwa hiyo tani nzima inakula mita za ujazo 14.

Mimi hili nalielezaga kwa debe, maana debe kila mtu analijua mkononi. Chukua debe la lita 20. Ukijaza maji ni kilo 20, mtoto wa la sita anabeba kichwani. Ukijaza hidrojeni ya kimiminika ni kilo moja na gramu mia nne, hata huhisi. Ukijaza chuma cha kipande kimoja, bila nafasi ya hewa, ni kilo 157, mnaenda wanaume watatu. Ukijaza dhahabu, kilo 386, na hapo hata kabla hujaibeba watu wa Geita wameshakufuata. Debe ni lilelile. Ndo maana kwenye soko letu tunapimia sado na debe na tunaelewana vizuri mpaka anapoingia mtu wa kilo. Sado ya dagaa na sado ya mchele zote ni sado, hakuna anayesema zina uzito sawa, wala hatujawahi kugombana kwa hilo. Ugomvi unakuja kwenye gunia, kwa sababu gunia linajifanya uzito huku ni ujazo, linasemwa la kilo mia halafu linawekewa kichwa cha lumbesa juu, mkulima analia. Tani ya gemu ni gunia la namna hiyo. Inajifanya uzito.

Na hata sio gemu lililoanza huo mchezo, meli za majini ndo zilianza. Neno tani kwa mabaharia wa Ulaya lilitoka kwenye mapipa ya mvinyo, meli ilihesabiwa inabeba mapipa mangapi, yaani nafasi. Mwaka 1854 Waingereza wakaweka utaratibu wa kupima, futi za ujazo 100 ikawa tani moja ya kusajili, hiyo ni mita za ujazo 2.83. Baadaye ukaja mkataba wa kimataifa wa 1969, ulioanza kufanya kazi 1982, ukaweka fomula inayochukua ujazo wote wa ndani ya meli na kutoa namba ambayo haina kipimo kabisa, sio kilo, sio mita, namba tu, na bado watu wanaisoma kama tani. Mimi hizo naziita tani za karatasi. Tani moja ya gemu ni karibu tani tano za karatasi za ule mtindo wa zamani.

Halafu kuna tani ya meli kuelea, ambayo ni uzito wa maji ambayo meli imeyasukuma pembeni, na hiyo ndo uzito halisi wa meli, Archimedes alishamaliza. Kwa hiyo MV Mwanza ilipotangazwa kwamba ni meli ya tani 3,500, urefu mita 92.6, abiria 1,200 na mizigo tani 400, kuna jamaa hapa kazini aliniuliza kwa uchungu kabisa, kaka, hizo tani 3,100 nyingine zimeenda wapi, nani kazila? Nkamwambia hakuna aliyekula, hicho ni chuma chenyewe na injini na mafuta na viti na watu, mzigo ni kipande kidogo tu cha uzito wote wa meli. Hakuridhika sana.

Walioandika gemu wakachukua wazo la kusukuma pembeni, ila badala ya maji wakaweka hidrojeni. Fikiria Ziwa Victoria lote ni hidrojeni ya kimiminika (usivute sigara), unaizamisha meli yako mzima mzima, unaangalia imesukuma tani ngapi. Ikisukuma tani 100, basi ni meli ya tani 100, yaani ina mita za ujazo 1,400 kwa nje. Ila haitaelea humo hata dakika, itakwenda chini kama jiwe, kwa sababu yenyewe ni nzito mara kumi na zaidi ya hidrojeni. Nani alitaka hidrojeni? Sababu ni mafuta. Meli hizo zinakunywa hidrojeni kuruka kati ya nyota, asilimia 10 ya ukubwa wa meli kwa kila namba ya mruko (namba ikiwa kubwa unaruka mbali zaidi), kwa hiyo ukiwa na meli ya tani 100 unataka mruko wa namba 2, unatenga tani 20 na hesabu imeisha, huhitaji kalkuleta. Kwa mafuta tani ya gemu na tani ya mzani ni kitu kimoja. Kwa kila kitu kingine ni uongo.

Mimi naona ulikuwa uamuzi mzuri, nasema kweli, ingawa Jumamosi nililaani. Ukichora ramani ya ndani ya meli kwenye karatasi ya viboksi, kiboksi kimoja ni mita 1.5 kwa 1.5, dari mita 3, viboksi viwili ni mita za ujazo 13.5, unaita tani moja, safi. Chumba cha kulala tani 4, viboksi 8, mtu anaona kabisa kitanda kitakaa wapi. Hiyo nusu mita ya ujazo kati ya 13.5 na 14 kwenye meli ndogo hakuna anayeiona, kwenye meli ya tani 1,000 imeshakuwa mita za ujazo 500, yaani umepoteza nafasi ya vyumba tisa vya kulala na hujui uliviweka wapi. Mwanzoni nilihangaika nayo, siku hizi naita kuta na mabomba, tunasonga.

Kuna magemu mengine yalikwenda njia nyingine, GURPS kwenye kitabu chake cha zamani cha kuunda magari unahesabu kwa ratili na futi za ujazo na kilowati, vyote kwa pamoja, na ukikutana na tani ya Kimarekani hiyo ni kilo 907, ile ya zamani ya Waingereza ni kilo 1,016. Ni sahihi zaidi na inachosha zaidi. Niliunda boti moja ya doria kwa njia hiyo, jioni mbili, mke wangu akadhani nafanya mitihani.

Basi mimi nilichofanya ni eksel. Kila kitu ndani ya meli kina safu mbili, ujazo na tungamo, zijazwe zote, hakuna kuruka. Naandika tungamo, lile neno la darasani, kwa makusudi, maana uzito unategemea uko wapi. Huko juu hakuna uzito lakini tungamo halijaondoka, chuma cha tani 1,099 kinachoelea hewani ndani ya stoo bado kitakusaga ukutani kikianza kuja upande wako. Nimewahi kuona kivuko tupu cha tani chache tu kikija taratibu kabisa gatini, taratibu kuliko mtu anavyotembea, halafu jamaa akataka kukizuia kwa mguu. Mguu ulipona baadaye.

Ya kwetu, ile ya tani 100, nilijaza hivi. Mafuta tani za gemu 21, hayo ni mita za ujazo 294 na tungamo tani 21 tu. Simama hapo kidogo uone, moja ya tano ya meli nzima imejaa mafuta na uzito wake haufiki wa fuso mbili zilizopakia. Tangi hilohilo lingekuwa na maji lingekuwa tani 294. Mtu aliyezoea boti ya dizeli hili halimuingii kichwani, sisi ukijaza mafuta chombo kinashuka majini unaona kabisa, huko ukijaza ni kama umeongeza mito ya kulalia. Vyumba vinne vya kulala, tani za gemu 16, nikaweka tungamo tani 45, maana ni hewa na magodoro. Chumba cha nahodha na mitambo yake, tani za gemu 20, nikakisia tungamo 112. Injini zote, tani za gemu 25, hapo ndo penye uzito, nikaweka tani 2 kwa kila mita ya ujazo, ikaja 700. Vikorokoro na gari dogo la kushukia, tungamo tani 34. Halafu ganda.

Ganda watu wanalisahau kwa sababu kwenye karatasi ya gemu halina nafasi, ni mstari tu wa penseli. Meli ya mita za ujazo 1,400 ikiwa duara kama chungwa, ambalo ndo umbo lenye ngozi ndogo kuliko yote, ngozi yake ni mita za mraba 605. Ukiivika chuma cha sentimita 5 umeongeza tani 237. Na mtu akiniletea meli ndefu yenye mabawa ya mapambo, ngozi inaongezeka na chuma kinaongezeka, mabawa ni hela kaka. Jumla yote bila mzigo ikaja tani 1,150 hivi. Kumbe lile kisio la haraka ninalolitumiaga, kwamba meli ni nzito kama maji ya ukubwa wake, yaani 1,400, sio baya, linakuachia tani 250 za mzigo. Kama unaunda meli leo usiku na hutaki eksel, tumia hilo, zidisha tani za gemu kwa 14, umepata tani za mzani.

Sasa mweke mhasibu na tani zake 1,099. Meli imekuwa tani 2,249. Injini iliundwa kusukuma tani 1,400 kwa mchapuko wa G moja (sawa na mvutano wa dunia), ni kani ya nyutoni milioni 13.7, na injini haijui kama mmenunua chuma kwa bei nzuri, inasukuma ilivyoundwa. Mchapuko unashuka mpaka 0.62. Maana yake kila mahali mlipopiga hesabu ya kufunga breki, mtapitiliza. Angechukua dhahabu ndo kabisa, tani moja tu ya gemu ya dhahabu ni tani 270 za mzani, hiyo peke yake imeshazidi kiwango na stoo inaonekana tupu kwa nafasi tisa kati ya kumi. Na kwa upande wa pili, angechukua dagaa wakavu, stoo ingejaa mpaka dari na meli ingecheka. Hapa mwaloni wapakiaji hawana eksel na wanalijua hili kuliko mimi, boti ya dagaa wakavu unapakia mpaka gunia la juu linamzuia nahodha kuona, boti ya saruji unasimama wakati bado kuna nafasi kubwa tu, na mgeni anauliza mbona hamjazi.

Na sio kiasi tu, ni wapi umekiweka. Injini ya nyuma inasukuma kwenye mstari mmoja, kitovu cha uzito kikikaa pembeni ya huo mstari meli haiendi mbele, inazunguka. Hapa kwetu tangu tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama, hakuna mtu anayehitaji kuelezwa kuhusu meli na jinsi uzito ulivyokaa ndani yake, kwa hiyo mezani nikisema nionyesheni kwenye ramani mzigo umekaa viboksi gani, hakuna anayebisha.

Nguvu sasa, na hapa ndo panapouma zaidi, hata kwenye kazi ya mchana. Mwaka fulani kuna muuzaji alituuzia jenereta ya "thelathini" kwa ajili ya chumba cha barafu, tukalifunga, kompresa mbili zikiwaka pamoja linakohoa na kuzima. Thelathini ilikuwa kVA, sio kilowati. Ukizidisha kwa 0.8 unapata kilowati 24, na kompresa zikiwa zinaanza zinataka zaidi ya hapo. Yeye hakudanganya, alisema thelathini. Kwenye injini za boti nako ni hivyohivyo, HP 40 ya Kiingereza, ile ya James Watt, ni kilowati 29.8, na farasi wa Ulaya bara na Japani ni mdogo kidogo, 40 wake ni kilowati 29.4. Tofauti ndogo, achana nayo. Tofauti kubwa ni kati ya nguvu na nishati, na hapa nikiwa na mchezaji mpya namuuliza swali la Luku. Ukinunua uniti 10, zitakaa muda gani? Atasema inategemea unawasha nini. Basi ndo hivyo, uniti ni kilowati kwa saa moja, ni nishati, ni maji kwenye tenki, na kilowati ni ukubwa wa bomba. Mtu anayeandika kwenye karatasi ya meli "betri ya megawati 5" hajaniambia kitu, ni sawa na kuniambia tenki lako lina bomba la inchi mbili.

Kwenye matoleo ya zamani ya Traveller mtambo wa meli unahesabiwa kwa pointi za nishati, na pointi moja ni megawati 250. Meli ya tani 100 yenye mtambo wa daraja la kwanza ina pointi moja. Ukitaka kuiona hiyo megawati 250, bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115. Kwa hiyo kila kimeli cha watu wanne chenye deni kimebeba mtambo mmoja wa Rufiji na chenji inabaki. Na kwa wiki nne hiyo ni uniti milioni 168, ukinunua Luku ya hizo tarakimu hazitaenea kwenye kioo.

Sheria zinasema kwa wiki nne hizo mtambo unakula tani moja ya hidrojeni. Nikakaa nikapiga hesabu, hidrojeni ikiungana kuwa heliamu asilimia 0.7 ya tungamo inageuka nishati, kwa hiyo kwa kazi hiyo inatakiwa kilo moja. Moja. Sheria zinachukua elfu. Mhasibu aliposikia hivyo akataka kudai marejesho ya mafuta ya safari zote. Nilimwambia kilo 999 zinatumika kupooza mtambo na kuvuja, na ukisoma mafundi wanavyoongea dunia nzima utakuta sentensi hiyo imewasaidia wengi.

Lakini hiyo ni upande ambao gemu limetuibia. Upande mwingine limetupa bure. Megawati 250 na kani ya nyutoni milioni 13.7, gawanya, unapata mita 18 kwa sekunde. Kilomita 65 kwa saa! Maana yake meli ikifika spidi ya Noah inayotoka Buzuruga asubuhi, mtambo mzima umeshatumika kuiongezea mwendo, hapo ukitaka kuendelea na G moja unahitaji umeme zaidi kila sekunde inayopita, na ikifika kilomita 10 kwa sekunde, ambayo kwa safari za sayari ni mwendo wa konokono, ungehitaji gigawati 137. Halafu mwingine mezani, nesi wetu, anauliza swali zuri kuliko yote ya usiku ule, spidi ukilinganisha na nini? Na bandari tulikotoka, au na jua? Maana ukilinganisha na sisi wenyewe tumekaa. Na hapo ndo injini kama hii ya gemu, isiyotupa kitu nyuma, inapovunjika mikononi, kwa sababu jibu linabadilika kulingana na unayemuuliza.

Roketi ya kweli haina tatizo hilo, inatupa moshi nyuma na hesabu zinafunga, ila ina matatizo yake. Roketi bora za hidrojeni na oksijeni zinatupa moshi kwa kilomita 4.4 kwa sekunde hivi. Kwa kani yetu ungetupa tani 3.1 kila sekunde, lile tangi la tani 21 sekunde saba hazifiki, na nguvu ya moshi ni gigawati 30, mabwawa 14 ya Rufiji. Ukisema basi tupeleke moshi kwa kasi zaidi, kilomita 100 kwa sekunde, tangi linakaa dakika mbili na nusu, ila nguvu imepanda mpaka gigawati 687, mabwawa 325. Unabana mafuta, unalipa kwa umeme. Ukibana umeme, unalipa kwa mafuta. Hakuna injini iliyowahi kukwepa hilo, hata ya HP 15 na propela yake.

Kwa hiyo mezani kwetu nimeamua uchawi uwe mmoja tu, na uandikwe. Injini ya kusukuma inatoa G moja kwa tani 1,400 kwa pointi moja ya nishati, spidi yoyote ile, msiniulize ikilinganishwa na nini. Kila kitu kingine kinafuata hesabu. Kuna marefa wanaweka uchawi kidogo kila mahali, injini kidogo, tangi kidogo, ganda kidogo, na baada ya miezi sita hawajui tena meli yao inaweza nini, wachezaji wanabishana kwa kupiga kelele badala ya kupiga hesabu.

Joto nusura nilisahau, na joto ndo linaloua meli nyingi ninazoletewa. Megawati 250 zikishafanya kazi zinageuka joto, na huko hakuna maji ya ziwa ya kupitisha kwenye injini, wala upepo, joto linatoka kwa kung'aa tu. Ile ngozi ya mita za mraba 605 ili imwage megawati 250 inatakiwa iwe na nyuzi 1,370 hivi, chuma kimeshakuwa cheupe na kinakaribia kuyeyuka, na nyie mko ndani mnakunywa chai. Ukitaka mapaneli ya nyuzi 700 na ushee, yenye kung'aa pande zote mbili, yanatakiwa mita za mraba 2,200, karibu theluthi ya uwanja wa CCM Kirumba. Kwa hiyo mtu akinichorea kimeli kizuri kama samaki kisicho na mapaneli namrudishia karatasi. Sasa hivi ya kwetu ina mapaneli mawili marefu ya kukunja, kijana mdogo kuliko wote mezani amechora kama tanga la mtumbwi, na nimempa pongezi ingawa upepo hakuna.

Mhasibu tulifikia hapo. Kiwango ni tani 250 za mzani, yeye kanunua 1,099, na kwa kuwa risiti ilikuwa ya tani za gemu chuma chote ni chake kihalali. Tani 849 zimebaki bandarini, mwenye yadi anatoza kwa siku, nimerusha dadu mbili kupata bei ikatoka kumi na moja. Kaomba apigiwe kwa mita za ujazo badala ya kwa tani. Chuma kinakaa sehemu ndogo, si mjinga huyu jamaa, na hapo ndo tulipovunja kikao kwa sababu umeme ulikatika.